Kipimo cha Mlango wa Kizazi na Saratani Zitokazo Mbali

Makala haya yanadhamiria kufafanua jambo ambalo jina la kipimo hulificha. Kipimo cha Pap, kilichoitwa kwa jina la daktari Mgiriki George Papanicolaou, ambaye mwaka 1941 alichapisha matokeo yake mjini New York pamoja na Herbert Traut, hujulikana na wengi kuwa kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ndiyo kazi yake kuu. Hata hivyo, mlango ni mahali pa kupitia.

Seli za ukuta wa nyumba ya uzazi zikibanduka, hushukia hapo. Seli za saratani ya ovari huweza kupenya mirija ya uzazi, zikavuka nyumba ya uzazi, zikafika mlangoni. Hata saratani iliyoanzia katika utumbo mpana, ikienea ndani ya fumbatio, huweza kufuata mkondo uo huo. Mtaalamu wa hadubini huzitambua seli hizo ngeni kwa umbo na mpangilio wake, naye daktari huagiza uchunguzi zaidi.

Matukio haya ni nadra. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza kwamba walikuwa wamezichunguza jeni katika sampuli za aina hii. Miongoni mwa wanawake waliokwisha kujulikana kuwa wagonjwa, waligundua asilimia 81 ya saratani za nyumba ya uzazi, lakini asilimia 33 tu ya zile za ovari.

Hapa ndipo wanalugha tunapohusika. Mwanamke akiambiwa, "Huna saratani," ataelewa kwamba mwili wake mzima umekaguliwa. Kauli sahihi ni, "Hatukuona seli zenye kasoro katika mlango wa kizazi." Tofauti ya kauli hizi mbili yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti, kwani aliyetulizwa na ile ya kwanza huenda akapuuza damu inayotoka baada ya kukoma hedhi, tumbo linalofura bila kupungua, au kushiba upesi kusiko kwa kawaida.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Basi mfasiri wa vijikaratasi vya hospitali na amweleze msomaji ni upande upi wa anga uliotazamwa.