Mwanasheria Mkuu ni wakili wa nani?

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya cheo ambacho jina lake tunalisikia kila siku katika taarifa za habari, lakini kazi yake wengi wetu hatuielewi vyema. Cheo hicho ni cha Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar.

Hapa Mtoni, katika baraza zetu za kahawa, wapo wanaosema kuwa Mwanasheria Mkuu ni wakili wa Rais. Wengine hushikilia kuwa ni wakili wa wananchi. Maneno hayo mawili si kitu kimoja. Tofauti yake ndiyo iliyomng'oa mtu kwenye kiti mwezi wa Oktoba 2014, na hatimaye ikamtoa katika mafaili ya sheria na kumtia katika siasa. Mtu huyo ni Bwana Othman Masoud Othman.

Kwanza tuitazame Katiba ya Zanzibar ya 1984. Mwanasheria Mkuu huteuliwa na Rais. Yeye ndiye mshauri mkuu wa Serikali katika mambo ya sheria, na kwa cheo chake huwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Mbali naye yuko Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye Katiba inamtaka aamue nani ashtakiwe na nani asishtakiwe bila ya kupokea amri ya mtu yeyote. Bwana Othman alishika vyeo vyote viwili: alianza na Ukurugenzi wa Mashtaka, kisha akawa Mwanasheria Mkuu katika Serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein.

Mwaka 2014 likakutana Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma. Wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi waliingia katika Bunge hilo, na kwa njia hiyo Mwanasheria Mkuu naye akaingia. Sheria ilitaka Katiba Inayopendekezwa ipate theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara, na theluthi mbili nyengine ya wajumbe wa Zanzibar peke yao. Kwa hivyo, kura moja ya Mzanzibari ilikuwa na uzito mkubwa. Bwana Othman alipiga kura ya wazi. Baadhi ya ibara alizikubali, na baadhi alizikataa. Rasimu ilipita tarehe 2 Oktoba 2014, na katika siku chache zilizofuata yeye akaondolewa katika cheo. Ama Katiba yenyewe, kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haikufanyika tena.

Je, alikosea? Wako wanaosema kuwa wakili asiyekubaliana na mteja wake hujitoa katika kesi kwanza, hamgeuki mbele ya hakimu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini wako pia wanaojibu kwamba pale Dodoma hakukaa kama wakili, bali alikaa kama mjumbe, na mjumbe aliyeitwa kupiga kura ana haki ya kusema ndiyo na ana haki ya kusema hapana. Mimi naona hoja ya pili ni nzito zaidi, kwani kura ambayo jawabu lake limekwishaamuliwa na mwengine haina haja ya kupigwa.

Tena, wasikilizaji, Bwana Othman hakuwa wa kwanza kujikwaa katika jiwe la Muungano. Hati za Muungano zilipotiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar alikuwa Wolfgang Dourado. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliambiwa achukue likizo ya wiki moja, na ushauri ukatafutwa kwa mwanasheria kutoka Uganda, Dan Nabudere. Dourado aliendelea kuusema muundo wa Muungano hadharani, na mwaka 1984 akawekwa kizuizini. Mwaka huo huo Rais Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu kwa sababu ya hati iliyokusudia kuuhoji muundo huo huo mbele ya Mahakama Maalum ya Katiba. Aliyemsaidia kuiandaa ni Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy, raia wa Ghana, na yeye pia cheo kikamponyoka. Wanasheria watatu, miaka hamsini, na suala ni lile lile.

Baada ya 2014 Bwana Othman alirudi katika uwakili, kisha akaingia katika siasa upande wa ACT-Wazalendo. Maalim Seif Sharif Hamad alipofariki tarehe 17 Februari 2021, yeye ndiye aliyechukua nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, akaapishwa tarehe 2 Machi. Mwaka 2024 akawa mwenyekiti wa chama hicho. Mwaka 2025 akagombea Urais wa Zanzibar, na Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Dk. Hussein Ali Mwinyi kuwa mshindi.

Labda mtu atasema kuwa mwanasheria hafai kuingia katika serikali ya kuchanganya vyama. Hebu tutazame Uswisi. Huko nchi inaongozwa na watu saba, na tangu 1959 viti vyao hugawanywa baina ya vyama vikubwa. Bibi Viola Amherd alikuwa wakili, akawa meya wa mji wa Brig-Glis, akaingia katika kundi hilo la saba mwaka 2019, na mwaka 2024 akawa Rais kwa zamu ya mwaka mmoja. Lakini wale saba huchaguliwa na Bunge kwa miaka minne, na katika muda huo hakuna anayeweza kuwafukuza. Wanasema wanayoyaamini ndani ya chumba cha mkutano, wala hawahofii barua ya asubuhi ya pili.

Hapo ndipo penye somo letu. Rais kumwondoa Mwanasheria Mkuu ni jambo linaloruhusiwa na sheria, na mimi silipingi hilo. Ninachouliza ni hiki: atakayekalia kiti kile kesho amejifunza nini? Ikiwa amejifunza kunyamaza, basi anayepata hasara ya kwanza ni Serikali yenyewe. Mshauri anayemwambia bwana wake yale tu anayopenda kuyasikia ni sawa na nahodha anayeuficha mwamba ili abiria wasiingie khofu. Abiria watalala vizuri, lakini mwamba utabaki pale pale.

Tukijaaliwa, tutakutana tena wiki ijayo. Kwaherini.