Nyumba za Kikoloni za Mwanza Zinapoongezewa Vyumba

Mwanza ilianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, na reli ilipofika mwaka 1928, chini ya Waingereza, mji ukakua haraka. Nyumba za maofisa zilijengwa kwenye miinuko yenye upepo wa ziwa, kama Capri Point. Zina kuta nene, dari zilizo juu, baraza pana na bustani iliyopangwa kuzunguka majabali ya matale, ambayo hakuna aliyejisumbua kuyavunja.

Leo nyingi zinaongezewa sehemu mpya upande wa nyuma: jiko, sebule yenye madirisha makubwa ya alumini, pengine paa la kuficha. Kazi ngumu iko pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Nyumba kuukuu imekwisha kutulia ardhini. Mpya bado inashuka kidogo kidogo, hasa msingi wake ukikaa nusu juu ya jabali na nusu kwenye udongo. Zikifungwa pamoja kwa zege, nyufa hutokea. Fundi mwangalifu huacha mwanya mwembamba, kisha huuziba kwa kitu kinachonyumbuka ili mvua isipenye.

Kuta zilizojengwa kwa chokaa zipigwe lipu ya chokaa pia, kwani saruji hufungia unyevu ndani. Baraza lisizibwe: ndilo linalopoza nyumba nzima, na kulipoteza ni hasara kubwa.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Kwa nyumba zilizo karibu na ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.