Rangi ya Njano Pekee Haitoshi Kuitambua Safaya

Wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini ya vito wanakumbushwa kuwa rangi ya njano pekee haitoshi kulitambua jiwe. Safaya, topazi, sitrini na hata kioo huweza kufanana machoni, ilhali bei zake hupishana sana. Mchimbaji wa Tunduru au Umba anayeuza safaya kwa bei ya sitrini hupata hasara isiyorudi.

Kipimo chepesi ni cha maji. Jiwe lisilo na mabaki ya mwamba hupimwa uzito likiwa kavu, kisha likiwa limening'inizwa kwa uzi mwembamba majini bila kugusa chombo. Uzito wa kwanza hugawanywa kwa kiasi kilichopungua. Jiwe la gramu 4 likisoma gramu 3 majini, limepungua gramu 1, na jibu ni 4: hiyo ni dalili ya safaya. Topazi hutoa takriban 3.5, sitrini 2.65. Viputo vya hewa viondolewe, maana kwa jiwe dogo kosa dogo hupotosha jibu.

Jiwe lililokatwa hupimwa pia kwa refraktometa, kifaa kinachoonesha jinsi mwanga unavyopinda ndani yake: safaya husoma takriban 1.76 hadi 1.77, topazi 1.62, sitrini 1.55. Kioo hutoa msomo mmoja tu, kwa kuwa hakigawi mwanga mara mbili.

Kukwaruza jiwe hakushauriwi. Topazi hupasuka kwa urahisi. Aidha, vipimo hivi havitenganishi safaya ya asili na iliyotengenezwa maabara, kwani takwimu zake ni zilezile. Hapo huhitajika mtaalamu wa vito na darubini.