Injini ya Zimamoto Katika Joto la Muscat

Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi. Huko Ulaya, injini iliyozaliwa kusukuma maji ya zimamoto ilikuwa imekwisha kushinda mbio na kuanza kuzeeka.

Waliibuni Walter Hassan na Harry Mundy katika kiwanda cha Coventry Climax, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Serikali ilitaka pampu ya kubebwa kwa mikono, itoe maji maradufu huku uzito ukipungua nusu. Wakaunda injini ya alumini ya cc 1,020, kamshafti ikiwa juu ya silinda, yenye nguvu isiyofika farasi 40.

Pampu ya zimamoto haisubiri kupashwa moto. Huwashwa ikiwa baridi, huendeshwa kwa kasi ya mwisho, na huachwa hivyo hadi moto uzimike. Injini inayovumilia adhabu hiyo, tena nyepesi, nani wa mbio angeiacha? Ikapanuliwa hadi cc 1,098, ikatoa zaidi ya farasi 70, na mwaka 1954 ikashindana katika mbio za Le Mans ndani ya gari la Kieft. Watengenezaji wa magari ya mbio, Lotus na Cooper, wakaichukua.

Sasa ilete Muscat, mji mkuu wa Oman. Silinda huvuta hewa kwa ujazo, ila petroli huungua kwa kadiri ya oksijeni iliyomo. Hewa ya nyuzijoto 45 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzijoto 15, na unyevunyevu wa pwani huzidi kuipunguza oksijeni. Usiku nao hausaidii sana: Juni 2018, huko Quriyat, kusini mashariki mwa Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzijoto 42.6 kwa saa 24 nzima.

Farasi wanapungua, lakini kilo zilizopunguzwa hazirudi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, gari jepesi lenye injini ndogo linaifaa Muscat kuliko zito lenye injini kubwa. Gokati zinazokimbia Muscat Speedway, kule Seeb, zinafuata hesabu hiyohiyo.

Hatari iko kwenye alumini yenyewe. Ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Mwenye Lotus ya zamani mjini Muscat asianze kuhangaika na kabureta. Aanze na rejeta.