Plasta za Dada: Dawa ya Homoni kwa Mama Aliyekoma Hedhi

Kipindi cha afya, Jumatano jioni. Lugha: Kiswahili.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Walio kwenye foleni ya maji, mwenye redio aongeze sauti kidogo ili na wa nyuma wasikie.

Najua leo kuna watakaocheka. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 24, nimezaliwa humu humu kambini, na leo nazungumza habari za hedhi mbele ya watu wa rika la mama yangu. Mwenzangu mmoja hapa studio aliniambia mada hii niwaachie wanawake. Lakini mama mwenye swali alinifuata mimi, na amekubali nilisome bila kumtaja jina. Basi naomba radhi mapema, tuendelee.

Swali lake ni hili: “Mwanangu, nina miaka 52. Hedhi yangu ilikoma miaka miwili iliyopita. Tangu hapo joto linanipanda kutoka kifuani mpaka usoni, na usiku jasho linalowesha shuka. Nimepimwa malaria mara nne, hakuna. Dada yangu aliyehamia Marekani akanitumia plasta zake za homoni kwa mtu aliyekuja kutembea. Nimezibandika miezi mitano. Joto limeisha, nalala vizuri. Lakini sasa damu imerudi. Je, nimekuwa kijana tena?”

Hapo mwisho sisi studio tulicheka. Muuguzi mkunga tuliyemwalika hakucheka. Alisema kwanza aitwe huyo mama.

Tuanze na joto lenyewe. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Mama akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na si kwa sababu ya mimba, kunyonyesha au sindano ya uzazi wa mpango, hapo tunasema amefika ukomo wa hedhi. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, homoni inayoitwa estrojeni hupanda na kushuka bila utaratibu, halafu hushuka moja kwa moja. Ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huchanganyikiwa. Joto dogo tu, ubongo unadhani mwili unaungua, unafungua jasho. Hali hiyo hudumu dakika chache kisha mama anaanza kusikia baridi.

Kwa hiyo wengi hapa hukimbilia dawa za malaria. Muuguzi hakatazi kupima, huku Kigoma malaria ipo, na jasho la usiku pamoja na kikohozi na kukonda lipimwe kifua kikuu. Anachokataza ni kumeza dawa ya malaria wakati kipimo kimesema hakuna. Mama mwingine aliniambia alidhani ni vita imemrudia usingizini, kwa kuwa alikuwa anaamka moyo ukienda mbio kama siku ile walipokimbia Kivu. Yawezekana vyote viwili vipo kwa mtu mmoja. Hilo nalo mwelezeni mhudumu wa afya.

Sasa dawa ya homoni. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya ile estrojeni iliyopungua. Kwa joto na jasho, ndiyo dawa yenye nguvu kuliko nyingine zote. Na inasaidia mifupa isiwe dhaifu. Tatizo ni kipimo. Muuguzi alisema ni kama chumvi kwenye mboga: huwezi kutia chumvi kwenye sufuria yako kwa kuonja ya jirani.

(Sauti ya muuguzi mkunga, imerekodiwa.)

MUUGUZI: Kuna mambo mawili ya kulinganisha. La kwanza, estrojeni kiasi gani. La pili, estrojeni pamoja na nini. Hilo la pili watu hawalijui kabisa. Estrojeni inaotesha utando ndani ya kizazi, kama mvua inavyootesha majani. Projesteroni ndiyo jembe la kupalilia. Mama mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake, utando unaendelea kunenepa, unaweza kutoa damu, na muda ukienda unaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo mwenye kizazi lazima apate zote mbili. Aliyetolewa kizazi, kwa kawaida estrojeni peke yake inamtosha.

MTANGAZAJI: Tulipofika hapo nikamwomba yule mama ampigie dada yake. Dada akajibu: ndiyo, yeye alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, kabla hajaanza plasta. Kwake plasta zilikuwa sahihi kabisa. Alimtumia mdogo wake kwa upendo, dawa iliyomponya yeye.

Halafu tukaangalia maandishi kwenye pakiti. Yalisema 0.1, maana yake mikrogramu 100 kwa siku. Wengi huanzishwa kwenye 25 au 50, kisha hupandishwa ikibidi. Kwa hiyo mama yetu alikosea pande zote mbili: kipimo kikubwa, na hakuna wa kupalilia.

Je, mtu anajuaje kipimo chake? Nilidhani ni kwa kupima damu. Muuguzi alisema kwa mama aliyepita miaka 45 mara nyingi vipimo vya homoni havina haja, maana leo zinaweza kusoma juu na wiki ijayo chini. Kinachosikilizwa ni mwili. Mama anaanza na kipimo kidogo, anakaa nacho kama miezi mitatu, anaandika kwenye daftari: usiku mara ngapi nimelowa, nimelala saa ngapi, damu imetoka lini. Asiyejua kuandika achore mistari kwa mkaa ukutani, itatosha. Kama joto bado lipo, pengine kipimo ni kidogo. Kama matiti yanauma, tumbo linajaa, kichefuchefu na kichwa haviachi, pengine ni kikubwa. Projesteroni ya vidonge mara nyingi huliwa usiku kwa kuwa inaleta usingizi. Wapo inaowaletea huzuni, na hao hubadilishiwa aina. Kwa maneno mengine, kurudi kliniki mara mbili au tatu kurekebishiwa dawa ni jambo la kawaida.

Damu kidogo katika miezi ya mwanzo ya dawa iliyopangwa vizuri huonekana kwa wengi. Ikizidi miezi sita, au ikiwa nyingi, ichunguzwe. Na mama ambaye hatumii homoni yoyote, akiona damu baada ya mwaka mzima wa ukavu, hata tone moja, aende kliniki. Hapa nawaomba sana mama zangu, maana wengi wanaificha kwa aibu.

Wapo wasiotakiwa kuanza kabisa bila daktari kuamua: aliyewahi kupata saratani ya matiti, aliyeganda damu mguuni au kwenye mapafu, aliyepata kiharusi au ugonjwa wa moyo, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na anayetoka damu isiyojulikana chanzo. Mwenye presha ishushwe kwanza. Anayetumia dawa za kifua kikuu aseme, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya homoni, na baadhi ya dawa za VVU hufanya vivyo hivyo. Plasta na jeli za ngozi haziongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoongeza.

Wengine mmesikia kwamba homoni zinaleta saratani. Maneno hayo yalienea sana mwaka 2002, baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kusimamishwa. Katika kila wanawake 10,000 waliomeza estrojeni na projestini kwa mwaka mmoja, walioonekana na saratani ya matiti walizidi wenzao kwa 8. Wengi wa wanawake wale walikuwa wameshapita miaka 60. Baadaye wataalamu waliona kwamba kwa mama mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome hedhi, faida mara nyingi ni kubwa kuliko hatari. Hatari ipo, ila ni ya kupimwa na mtu anayekujua.

Kuna jambo lingine nililolisikia sokoni. Mama anamwomba binti yake vidonge vya uzazi wa mpango ili ajitibu joto. Vidonge vile vimetengenezwa kuzuia yai, homoni yake kwa kawaida ina nguvu zaidi ya ile ya tiba hii, na kwa mwenye umri mkubwa na presha vinaweza kugandisha damu. Na kinyume chake: dawa hii ya ukomo wa hedhi haizuii mimba. Aliyekoma kabla ya miaka 50 ajikinge miaka miwili zaidi, aliyekoma baada ya 50 mwaka mmoja.

Na dada ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 40, usikubali kuambiwa ni mawazo tu. Hilo ni jambo la rufaa, kwa sababu mifupa na moyo wako vitakosa homoni kwa miaka mingi mno.

Sasa ukweli wa kwetu. Nilikwenda mwenyewe kwenye dirisha la dawa kuuliza. Plasta hakuna, jeli hakuna. Njia ni kuandikiwa rufaa, na huko mjini dawa hununuliwa. Kwa hiyo muuguzi anashauri usianze na kifurushi kimoja kisicho na kinachofuata. Daktari anaweza pia kutumia dawa zisizo za homoni, kwa mfano baadhi ya zile za sonona, ambazo hupunguza joto kwa kiasi. Nyumbani: kitenge chepesi cha pamba, kitambaa na maji karibu na kitanda, kupunguza pombe na pilipili kama unaona zinachochea. Dagaa wa Ziwa Tanganyika waliwe na mifupa yake, hao ndio kalisiamu ya bei yetu. Ukavu ukeni usiuvumilie kimya, upo ute wa kulainisha, ulizeni.

Yule mama alikwenda kliniki Ijumaa, na pakiti mkononi ili wazisome. Wamemwambia aache kubandika. Ultrasaundi imeonyesha utando umenenepa, na kipande kidogo kimechukuliwa kupelekwa maabara. Majibu bado. Dada yake anapiga simu kila siku kuuliza, na amenituma niwaambie wote wenye ndugu ng'ambo: wakikutumieni dawa, waulizeni kwanza waliandikiwa kwa sababu gani.

Majibu yakija, na mama akikubali, nitawasomea. Wiki ijayo, saa hii hii, muuguzi atakuwa hapa na mimi kujibu maswali yenu. Andikeni karatasi, tieni kwenye sanduku la kipindi mlangoni. Jina si lazima.

(Muziki wa kipindi unapanda.)