Mbunge akishuka botini Lumbila

Ukiitazama ramani ya Jimbo la Ludewa, mkoani Njombe, kata za Lumbila, Kilondo na Makonde zinaonekana ziko karibu tu na makao makuu ya wilaya. Ramani haisemi kwamba katikati imesimama Milima ya Livingstone. Juu kuna baridi, mahindi na maharage; ukishuka hadi Ziwa Nyasa unakuta joto, muhogo, usipa na mbasa. Juu wengi ni Wapangwa. Mwambaoni wako Wakisi, ambao wanawake wao ni mafundi hodari wa vyungu, na Wamanda upande wa kusini. Mbunge aliyekagua shule za kando ya barabara, akahutubia Ludewa mjini na Mlangali, kisha akarudi Dodoma, hajalizunguka jimbo. Mwambao haupitiwi njiani. Lazima mtu akusudie kwenda.

Kalenda nayo haimsaidii. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na miezi hiyo yote mbunge anatakiwa awe Dodoma. Kabla ya hapo mvua zinanyesha na barabara za udongo milimani zinateleza. Anapopata nafasi, Julai na Agosti, barabara zimekauka, lakini ndiyo majira ya upepo wa kusini kulichafua ziwa. Nahodha makini haondoki mpaka hali itulie. Meli ya MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ni msaada mkubwa kwa watu wa mwambao, ila meli hufuata ratiba yake, haimsubiri mgonjwa wala mwalimu aliyeitwa wilayani. Mbunge akikwama Kilondo kwa sababu ya mawimbi, amejifunza jambo ambalo taarifa ya ofisini haiwezi kumfundisha: mama mjamzito wa hapo hukwama hivyo hivyo, na yeye hana siku za kusubiri.

Ludewa inaujua uzito wa safari hizi kwa namna ya kusikitisha. Tarehe 15 Oktoba 2015, siku 10 kabla ya Uchaguzi Mkuu, Deo Filikunjombe, aliyekuwa mbunge wao tangu 2010, alifariki katika ajali ya helikopta ndani ya Pori la Akiba la Selous, akiwa safarini kutoka Dar es Salaam. Uchaguzi wa jimbo ukasogezwa mbele, na wananchi wakamzika mtu waliyempenda.

Mbunge akishafika, mkutano wa hadhara kijijini una utaratibu unaojulikana. Ngoma, salamu, utambulisho mrefu wa msafara, risala ya kijiji inayosomwa na mtendaji, kisha kero. Hapo kwenye kero ndipo uzito wa siku ulipo, na mara nyingi ndipo muda unapokuwa umekwisha. Vijana huuliza kuhusu mawasiliano na mikopo ya halmashauri. Wazee huuliza kuhusu mipaka ya ardhi. Na karibu kila kijiji atasimama mama mtu mzima, amwite mbunge mwanangu, amkaribishe vizuri, kisha amwonyeshe kwa kidole jengo lisilo na paa: zahanati waliyoinua wenyewe, sasa nyasi zinaota ndani.

Jengo hilo kwa lugha ya kila siku huitwa boma, na nchi hii ina maboma mengi. Wananchi husomba mawe na mchanga, hufyatua tofali, huchangishana kaya kwa kaya, na ukuta ukifika kwenye lenta wanaiomba serikali imalizie. Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikitoa Sh milioni 12.5 kumalizia boma la darasa na Sh milioni 50 kwa boma la zahanati. Mwaka 2021, kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini kwa Sh milioni 20 kila moja. Ukizipanga namba hizo pamoja unaona thamani ya jasho la kijiji: sehemu isiyo ndogo ya darasa hujengwa na watu ambao hawamo kwenye kitabu chochote cha bajeti. Mvua za misimu miwili zikiupiga ukuta usioezekwa, jasho hilo linamomonyoka, na kesho kutwa mwenyekiti akiitisha mchango mwingine, watu hawaji. Wana haki.

Mbele ya boma kama hilo mbunge ana majibu mawili. La kwanza linashangiliwa papo hapo: natoa mifuko 100 ya saruji. La pili ni kumgeukia mtaalamu wa halmashauri aliyekuja naye na kumuuliza, wananchi wakisikia: boma hili limo kwenye mpango wa mwaka huu? Kama halimo, lilirukwa kwa nini, na lini litaingizwa? Mimi nasimama na jibu la pili. Saruji ya mbunge humaliza ukuta mmoja, kisha huwafanya wananchi wa kijiji jirani wamwone kama mfadhili, wampime kwa ukarimu wa mfuko wake. Hata Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, si fedha zake. Yeye ni mwenyekiti wa kamati, fedha ni za umma na hupitia halmashauri, na kijiji kina haki ya kujua zimekwenda wapi.

Nguvu za mbunge ziko kwingine. Ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, mahali ambapo mpango wa wilaya hupitishwa. Bungeni anaweza kumuuliza waziri swali na swali la nyongeza, na jibu likaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Anaweza kuwabana TARURA, iliyopewa barabara za vijijini na mijini mwaka 2017, na RUWASA, iliyokabidhiwa maji ya vijijini mwaka 2019. Diwani hawezi kumhoji waziri Dodoma. Mbunge anaweza, na ndiyo maana boti iliyomfikisha mwambaoni ilistahili mafuta.

Taasisi za wenyeji nazo zisigeuzwe vituo vya kupigia picha. Hospitali ya Lugarawa ni ya kanisa, lakini anayefikishwa pale usiku kwa machela haulizi mmiliki ni nani. Anataka kukuta daktari na damu. Mawengi kuna jumuiya ya watumiaji umeme, LUMAMA, inayoendesha mtambo mdogo wa nguvu za maji na kusimamia makusanyo yake yenyewe. Hapo mbunge ana mengi ya kujifunza: wanawezaje kutunza mashine, wanapangaje bei, wanamfanya nini asiyelipa? Na huko kwenye chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma ana la kusikiliza zaidi. Mkataba na mwekezaji ulisainiwa mwaka 2011, fidia ikaja kulipwa 2023. Kwa miaka yote hiyo familia zilikaa hazijui zijenge au zisijenge, zipande miti au ziache. Subira hiyo haikulipiwa.

Kijiji chenyewe kina chombo chake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kwa hiyo swali la kwanza la mbunge akishuka botini Lumbila liwe dogo tu: mara ya mwisho mlisomewa lini? Ikiwa watu wataangaliana kimya, ajue ameshapata kazi ya siku nzima, na risala inaweza kusubiri.

Kisha kero zote ziandikwe, kila moja na jina la idara inayohusika na tarehe ya kujibiwa. Nakala moja abaki nayo mtendaji, nyingine ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ya tatu mbunge aingie nayo Baraza la Madiwani. Ziara inayofuata ifunguliwe kwa kuisoma karatasi ile ile mbele ya watu, kero kwa kero, kabla ya ngoma.