Mbolea ikizidi: Namna ya kuiokoa mimea ya kivungulio Chepilat

MTAKA yote hukosa yote, na shambani msemo huu hudhihirika pale mkulima anapoongeza mbolea akitarajia mavuno maradufu, kisha akaamka asubuhi na kukuta ncha za majani zimeungua kana kwamba zimepitiwa na moto.

Katika viunga vya Chepilat, mji mdogo ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, majani chai na maziwa ndiyo mhimili wa uchumi. Hata hivyo, kama ilivyo kwingineko katika nyanda za juu za Kenya, kilimo cha nyanya na pilipili mboga ndani ya vivungulio kimewavutia wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi. Kilimo hicho kimekuja na tatizo ambalo shamba la wazi hulificha: virutubishi vinavyorundikana udongoni hadi vikageuka sumu kwa mmea.

Tofauti kubwa ni mvua. Eneo hili hupata mvua nyingi kwa mwaka, na maji hayo huosha sehemu ya mbolea iliyozidi katika shamba la kawaida. Chini ya karatasi ya plastiki mvua haifiki. Maji machache ya paipu za matone hupanda juu kwa joto na kuwa mvuke, nayo chumvi ya mbolea hubaki juu ya udongo, mithili ya ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la miaka mingi.

Mbolea humdhuru vipi mmea?

Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Aliyewahi kutia chumvi kwenye kachumbari ameona jinsi nyanya na vitunguu vinavyotoa maji hadi bakuli likalowa. Mizizi hupatwa na hali hiyo hiyo. Chumvi ikiwa nyingi udongoni kuliko ndani ya mzizi, maji hukataa kuingia, na pengine hutoka mzizini kurudi udongoni. Mmea hunyauka ilhali udongo una unyevu.

Mimea haina uvumilivu sawa. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa kiwango cha upitishaji umeme, kinachotajwa kwa desisimensi kwa mita. Nyanya huanza kupunguza mazao kiwango hicho kinapopita 2.5, kabichi 1.8, pilipili mboga 1.5, na maharagwe 1.0 pekee. Hivyo basi, udongo ambao nyanya zimeustahimili msimu huu waweza kuyaangamiza maharagwe yatakayofuata.

Fauka ya hayo, kirutubishi kimoja kikizidi huzuia kingine. Potasiamu au amonia ikiwa nyingi, kalsiamu haiingii vyema, na nyanya huota doa jeusi kitakoni. Nitrojeni ikizidi, mmea hunenepa kwa majani ya kijani kibichi iliyokolea huku maua yakiwa haba. Mkulima husifiwa kwa shamba linalopendeza, lakini siku ya soko hana cha kubeba.

Dalili na namna ya kuzitofautisha

Kosa linalogharimu zaidi ni kudhani kwamba mmea ulioungua una njaa. Mkulima huongeza mbolea, na mgonjwa akazidishiwa sumu iliyomlaza.

Mmea uliokosa nitrojeni hugeuka manjano kuanzia majani ya chini, na manjano hayo huenea jani zima. Mmea uliozidishiwa mbolea huungua ncha na kingo kwanza, majani hujikunja kuelekea chini, na utando mweupe huonekana juu ya udongo au kandokando ya mifuko ya kupandia. Ukiung'oa mmoja, mizizi yake huwa ya kahawia badala ya kuwa meupe.

Mnyauko wa bakteria nao hufanana na ugonjwa huu kwa mbali. Njia rahisi ya kuutambua ni kukata kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukichuruzika baada ya dakika chache, tatizo ni bakteria, na kuosha udongo hakutamfaa mkulima. Mmea wa namna hiyo hung'olewa na kuchomwa.

Chanzo cha ziada

Wakulima wa chai huzoea mbolea ya NPK 26:5:5. Mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 13 za nitrojeni, na kilo mbili u nusu za kila kimoja cha viungo vingine viwili vikipimwa kama fosfati na potashi. Mbolea hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya zao linalochumwa majani. Nyanya huchumwa tunda, nayo huhitaji potasiamu kwa wingi. Anayemwaga mabaki ya mbolea ya chai ndani ya kivungulio huilisha nyanya chakula cha mwingine.

Bei nayo ina mchango wake. Serikali ilipunguza bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku hadi Sh3,500 mwaka 2022, kisha Sh2,500 mwaka 2023. Kashfa ya mbolea bandia iliyotikisa nchi mapema mwaka 2024 iliongeza shaka, na mwenye shaka hushawishika kutia mara mbili ili awe na hakika. Akipata mbolea halisi, ameunguza mimea yake.

Samadi pia si salama kwa sababu tu imetoka zizini. Kinyesi kibichi cha kuku kina amonia na chumvi nyingi, na chafaa kuozeshwa kwa miezi kadhaa kabla ya kukaribia mzizi.

Hatua za kuokoa mimea

Hatua ya kwanza ni kusimamisha mbolea yote, ya kunyunyizia majani ikiwemo. Ya pili ni kukwangua utando mweupe na kuutoa nje ya kivungulio. Ya tatu ni kuosha udongo kwa maji safi.

Kwa mimea iliyo ndani ya mifuko, maji yawe mara mbili au tatu ya ujazo wa mfuko. Mfuko wa lita 20 utahitaji lita 40 hadi 60, zinazomwagwa polepole huku zikitoka chini. Mfuko usio na matundu ya kutosha hautaoshwa. Utafurika, na mizizi itakosa hewa.

Kwa matuta ya ardhini, kanuni inayotumika ni kwamba maji ya kina cha sentimita 15 huondoa takriban nusu ya chumvi, na sentimita 30 huondoa karibu asilimia 80. Kivungulio cha mita 8 kwa 15 kina mita 120 za mraba. Sentimita 15 humaanisha lita 18,000, na sentimita 30 ni lita 36,000. Maji hayo hayamwagwi kwa siku moja mimea ikiwa ingali shambani, bali kwa awamu, udongo ukiachwa upumue.

Kwa anayechota maji kisimani, hesabu hiyo inatisha. Hata hivyo, anayesubiri mavuno yaishe aweza kuifunua plastiki wakati wa mvua za masika. Milimita 150 za mvua ni lita hizo 18,000, bila gharama.

Majani yaliyoungua hayatapona. Dalili ya nafuu hutafutwa kwenye majani mapya, na yakichipua yakiwa safi, mbolea hurejeshwa kwa nusu ya kipimo cha awali.

Aidha, mkulima aweza kupanda mahindi au mabingobingo baada ya nyanya ili yafyonze nitrojeni iliyosalia. Wafugaji wanapaswa kuwa waangalifu hapa: nyasi iliyokua kwenye nitrojeni nyingi huhifadhi nitrati, ambayo tumboni mwa ng'ombe hugeuka sumu inayoweza kuua. Isilishwe peke yake wala kwa wingi.

Kuosha udongo nako kuna mipaka. Nitrati na potasiamu huondoka na maji, lakini fosforasi hushikwa na chuma na alumini zilizomo katika udongo mwekundu wa nyanda hizi. Ya kuondoka nayo huenda mahali. Mto Kipsonoi upitao Sotik huungana na Yurith kuunda Mto Sondu, unaomwaga maji Ziwa Victoria, ambako virutubishi hulisha magugu maji. Nitrati ikiingia kisimani ni hatari kwa watoto wachanga, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Kinga

Kinga ya kweli ni kupima. Mkulima huchota udongo kutoka sehemu 10 hadi 15 za shamba, kwa kina cha sentimita 20, akauchanganya ndani ya ndoo safi na kupeleka nusu kilo kwenye maabara. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina taasisi ya utafiti wa chai huko Kericho na maabara ya udongo Kabete.

Vipimo hivyo huonyesha pia asidi. Chai hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.6, ilhali nyanya hupendelea 6.0 hadi 6.8. Udongo uliochotwa shamba la chai waweza kuhitaji chokaa kabla ya kuingizwa kivunguliani, ila chokaa hiyo isitiwe kwenye chai yenyewe.

Hata wataalamu wa chai hawakurupuki na mbolea. Vipandikizi vichanga huoteshwa kwenye udongo wa chini usio na mboji nyingi, kwa kuwa mzizi unaoanza huhitaji unyevu na hewa kabla ya chakula.

Konzi ya mkono si mizani, kwani ya baba si sawa na ya mtoto. Kifuniko cha soda, kinachobeba takriban gramu tano, kimewaokoa wakulima wengi gharama, na kingali kipimo kinachopatikana katika kila duka la Chepilat.